Mashine Inayokabidhiwa Kila Mgeni Akija

Waliokuwepo kijiweni petu Pasiansi Ijumaa ile ni hawa: Bashiru muuza kahawa, Mzee Yeremia, tunayemwita Jaji kwa kuwa alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na sita, Josephat fundi baiskeli, jina lake la kijiweni Spoki, Shimba muuza dagaa, anayeitwa Daktari kwa sababu zamani aliwachoma sindano ng'ombe wa baba yake, Malimi, ambaye haoni, na mimi Mama Suhaib, muuza kashata, na Suhaib mwenyewe mgongoni. Shamsa, mwenzake Malimi wa kazi, hakukaa nasi. Alikuwa ng'ambo ya njia ndani ya chumba chao cha kazi, mlango wazi, tukimwona. Kijiwe chenyewe ni nguzo ya umeme ya zamani iliyolazwa juu ya mawe mawili. Kwenye ncha moja Spoki alipigilia kipande cha tairi, ili Malimi akipapasa ajue hapo ndipo pake. Hakuna aliyemtuma.

Lazima nieleze habari ya mashine, maana ndiyo iliyotukalisha pale asubuhi nzima.

Malimi na Shamsa wanatotolesha vifaranga. Unawapelekea mayai ya kuku wako, wanayaweka kwenye mashine ya umeme, kubwa kama kabati la nguo, na baada ya siku ishirini na moja unakwenda kuchukua vifaranga. Mashine waliipata Februari kutoka Klabu ya Wema wa Ziwa, wale wa fulana za kijani. Shamsa hasikii. Yeye anamulika mayai kwa tochi, moja moja, na yai lisilo na uhai anaona na kulitoa. Malimi anapima joto kwa mgongo wa mkono, na anasikiliza. Walipoanza watu walicheka, eti asiyeona na asiyesikia wataelewanaje. Wanaelewana hivi: Shamsa anamgonga kiganjani kwa kidole, mara tatu ni trei ya tatu, akikuna ni kugeuza mayai. Malimi akimtaka anapiga meza kwa ngumi, na Shamsa anahisi mtikisiko. Siku moja Suhaib alilia sana nikiwa na wateja. Shamsa akaja akamchukua, akamlaza kifuani na kumwekea kiganja mgongoni. Kilio kilipokwisha alijua mwenyewe kwa kiganja, akaninyooshea kidole gumba.

Sasa mashine hiyo ilikabidhiwa Februari, kwa picha na hotuba. Juni akaja mgeni kutoka Dar. Klabu ikaleta gari, ikachomoa waya, ikaipeleka mashine ukumbini mjini, ikaifunga utepe na kuikabidhi tena. Ndani mlikuwa na mayai ya siku kumi na sita. Walisema ni saa mbili tu. Ilirudi kesho yake jioni. Yai hata moja halikuanguliwa, na watu hawakusema Klabu imeua vifaranga. Walisema mayai ya kipofu hayaanguliwi. Ikachukua miezi mitatu watu kurudi, tena trei moja moja, kama wanaojaribu maji kwa kidole cha mguu.

Na Alhamisi, siku moja kabla, Malimi alikuwa amepigiwa simu. Mwenyekiti wa kanda wa Klabu anakuja, kutakuwa na makabidhiano Jumamosi, gari litafuata mashine Ijumaa saa nne asubuhi. Malimi aliwaambia kuna mayai mia mbili na arobaini, Ijumaa yanafika siku ya kumi na tisa, siku ambazo hata mlango haufunguliwi. Wakamjibu kwamba wataendesha polepole.

Katika hayo, kumi na mawili yalikuwa yangu.

— Mara ya tatu, alisema Spoki. Kitu kilekile, watu walewale.

— Hilo lina utaratibu wake, alisema Jaji. Ndoa kanisani hutangazwa Jumapili tatu. Usipotangazwa mara tatu, bado hujaoa. Kwa hiyo kesho ndipo makabidhiano yanapotimia kisheria.

— Hiyo kwenu, mzee wangu, alisema Bashiru. Kwetu tatu ndiyo mwisho. Mke akiachwa tatu, harudi.

— Sasa kesho Malimi anaoa au anaachwa? aliuliza Spoki.

— Wataona wenyewe huko ukumbini, alisema Jaji.

Malimi alicheka pamoja nao. Bashiru alimwekea kikombe mahali pake na kugonga nguzo mara moja, kama anavyofanya siku zote, na Malimi akanyoosha mkono moja kwa moja hadi kwenye kikombe.

Spoki akasema yeye ameshaielewa kazi nzima. Kule juu, alisema, hawaoni mashine, wanaona picha. Picha tatu ni mashine tatu. Watu wawili waliopewa kazi, ukiwapiga picha mara tatu, wanakuwa sita. Ndiyo maana kwenye picha ya Juni Malimi alivalishwa koti la mtu mwingine.

— Koti lilikuwa la dereva wao, alisema Malimi. Lilikuwa linanuka petroli.

— Umeona? Huyo ni Malimi wa pili.

— Na vifaranga je? aliuliza Shimba.

— Vifaranga nao wamo. Walioajiriwa ni mia mbili arobaini na wawili.

Jaji akapinga. Alitaka kujua kifaranga anaajiriwaje bila kutimiza umri na bila kitambulisho cha taifa. Spoki akamjibu kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, kwa hiyo akitoka tu kwenye yai ana uzoefu wa kazi, hao ndio wanaotakiwa siku hizi. Kijiwe kizima kikacheka, Suhaib naye akacheka kwa kuwa wengine wanacheka.

Mimi nilikuwa nachemka. Niseme ukweli, Klabu si watu wabaya. Mwaka juzi walikaa shuleni siku tatu juani wakipima wazee macho, na nilimwona mama mmoja wao akipiga magoti kwenye mchanga kumfunga bibi mmoja kamba za viatu, kwa sababu bibi hakuweza kuinama. Hakuna aliyempiga picha. Jaji anasoma gazeti leo kwa miwani waliyompa. Mtaro wa kule chini, uliokuwa ukiingiza maji nyumbani kwetu kila masika, waliuzibua wao, kwa majembe, wakiwa kwenye matope. Ndiyo maana nilikasirika zaidi. Mtu anayejua kupiga magoti kwa bibi wa watu anashindwaje kujua yai la siku kumi na tisa?

Jaji naye alisema hivyohivyo, ila kwa upande wake.

— Mimi hawa watu siwatukani. Miwani hii hapa. Na mgeni njoo mwenyeji apone.

— Apone nini, mzee? aliuliza Spoki. Mgeni wa Juni alikuja, vifaranga wakafa wote.

— Methali inasema mwenyeji. Haijasema vifaranga.

Shimba alikuwa amenyamaza, na Daktari akinyamaza ujue anapika jambo. Akatoa kikombe mdomoni. Alisema wote tumepotea, tatizo ni utepe. Klabu ilinunua utepe mwekundu bunda zima, yeye aliliona kwa macho yake, na utepe ukishanunuliwa lazima uishe, hauwezi kurudishwa dukani. Wakishafunga mashine watafunga mitaro, watafunga miwani ya Jaji akiwa ameivaa. Siku watakapokosa cha kufunga watafunga Jiwe la Bismarck kule ziwani na kulikabidhi kwa samaki.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alimalizia.

— Lakini hapa kuku ndiye mwenyeji, alisema Spoki. Mgeni ndiye mwenye kamba.

— Ndiyo hivyo hivyo. Kamba ni kamba.

Kisha wakaanza kupanga. Spoki alisema gari likija yeye atalala mbele ya matairi. Jaji akasema hapana, iandikwe barua, yeye anajua barua inavyoanza. Shimba akataka mlango ufungwe na ufunguo utupwe ziwani. Wakabishana kuhusu ufunguo, maana Shamsa yuko ndani, atatokaje. Wakabishana kuhusu barua, iende kwa diwani au kwa mkuu wa wilaya ya Ilemela. Saa nne ilikuwa inakaribia. Kwa maneno walikuwa wameshalala barabarani, wameshashitaki na wameshatupa ufunguo, na hakuna aliyenyanyua makalio kwenye nguzo. Hata mimi. Nilikuwa nimeshika sinia la kashata kama vile lingeanguka.

Shimba akachoka kubishana. Akasema pengine tunajisumbua bure. Mtu akipewa kitu awatii waliompa, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Hapo kijiwe kikapoa. Spoki alitazama ng'ambo ya njia, kisha akatazama chini. Shamsa alikuwa anafuta kioo cha mashine kwa kitambaa, taratibu, hajui kinachosemwa. Bashiru alikoroga makaa ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

— Endelea, Daktari, alisema Malimi. Yeye hasikii, ila mimi nasikia.

— Sikuwa na maana hiyo, ndugu yangu.

— Najua. Nikuulize kitu. Mayai yako yako trei ya ngapi?

Shimba aliinamia kikombe chake. Wote tulijua kwamba Juni alipoteza mayai ishirini na nane, na kwamba tangu hapo hajaleta hata moja. Tulijua pia kwamba lile neno la mayai ya kipofu lilianzia kwenye meza yake ya dagaa.

— Trei ya kwanza ni ya Jaji, alisema Malimi. Ya pili ni ya watu wa Buswelu, hawa ni wapya, hawajanijua. Ya tatu ina kumi na mawili ya Mama Suhaib na kumi na nane ya Spoki. Nawajua wote kwa trei. Yakifa tena haya, Daktari, sitakuwa na haja ya kukulaumu. Nitakuwa nimeshafunga. Shamsa atarudi kwa shangazi yake kuosha vyombo, nami nitarudi kukaa mlangoni kwa kaka yangu nikingoja kuulizwa kama nimekula.

Alisema bila kupandisha sauti. Mimi nilivuta kanga nikajifuta uso, nikajifanya ni jasho.

Ndipo gari likafika. Pikapu nyeupe, ya kukodi, nyuma ina godoro kuukuu la kuzuia mizigo isigongane. Akashuka kijana mrefu, amevaa kofia, ameshika karatasi kwenye kibao. Akatusalimia vizuri, shikamooni wazee, akaitikiwa. Akajitambulisha kuwa ni Alexander, amekodiwa na Klabu kubeba mashine ya vifaranga hadi ukumbini. Spoki hakulala mbele ya matairi. Alisogeza miguu ili kijana apite.

Alexander hakupita. Alisimama pale pale akisoma karatasi yake.

— Samahani wazee, mwenye mashine ni nani?

Tukatazamana.

— Kuna mstari hapa wa mwenye mzigo. Bila sahihi yake sibebi. Mwezi wa tatu nilibeba friji ya mtu bila sahihi, nikalala polisi siku mbili. Kwa hiyo naomba tu mnionyeshe mwenyewe.

Nilimtazama Jaji. Miaka ishirini na sita alibeba karatasi za mahakama, na tangu asubuhi alikuwa na sheria ya kila kitu. Alivua miwani akaipangusa, akaivaa. Shimba alimtazama Bashiru kana kwamba jibu liko ndani ya birika.

Mwishowe Jaji alisema polepole kwamba kwa kuwa ilikabidhiwa Februari, basi ni ya Malimi na Shamsa. Halafu akasita. Akasema lakini kwa kuwa ilikabidhiwa tena Juni, ina maana kabla ya Juni ilikuwa imerudi kwa Klabu, ingawa haikurudi. Na kwa kuwa itakabidhiwa kesho, basi leo ni ya Klabu.

— Mzee, mimi nataka jina moja tu, alisema Alexander.

Akaona bora apige simu. Aliweka sauti ya nje, ili wote tusikie. Katibu wa Klabu alipokea, nyuma yake kulikuwa na watu wanaburuza viti. Alexander akamweleza kwamba amefika, anahitaji sahihi ya mwenye mashine. Katibu akasema pakia tu, watu wa hapo wanajua. Alexander akasema sawa, lakini aandike jina la nani. Katibu akasema andika Klabu. Alexander akauliza kama basi Klabu itamtuma mtu aje asaini kwamba mashine ni ya Klabu. Tukasikia viti vinaburuzwa. Tukasikia katibu anamwuliza mtu, na mtu huyo anasema tusiandike hivyo, mgeni ameshaletewa taarifa kwamba ni ya walemavu wenyewe. Katibu akarudi, akasema atapiga baada ya dakika tano.

Alexander akaketi. Bashiru akamwekea kahawa bila kuulizwa.

Dakika tano zikapita, zikafuata nyingine. Malimi alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyofanya akisikiliza mashine. Kisha akazungumza, uso wake umeelekea alipokuwa Alexander.

— Mdogo wangu, Februari walinishika mkono huu, wakashika na wa Shamsa, wakaiweka juu ya lile kabati. Wakasema pokeeni. Nikasema tumepokea, tunashukuru, na nilishukuru kwa moyo. Kama ni yetu, sisi leo hatusafirishi mzigo. Kama si yetu, mwenyewe aje hapa asaini, halafu anieleze siku ile nilipokea nini.

Malimi akasimama, akamwambia Alexander aje naye. Wakavuka njia, Alexander amemshika kiwiko, na Malimi ndiye aliyekuwa anaongoza. Nikawafuata na sinia langu. Spoki akafuata, Jaji akafuata kwa fimbo yake. Shimba alibaki nyuma kidogo, halafu naye akaja.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya pumba. Shamsa alituona tumejaa mlangoni, na gari nje, akaelewa kabla ya kuambiwa. Alisimama mbele ya mashine na kutandaza mikono, kitambaa bado kiko mkononi. Mwanamke mwembamba vile. Malimi akapiga meza kwa ngumi mara moja, akanyoosha kiganja, na Shamsa akaja kukishika. Sijui alimwambia nini kwa vidole. Akasogea kando.

— Vua kofia, Malimi alimwambia Alexander. Weka sikio hapa, kwenye ubao. Usifungue.

Alexander akavua kofia, akaweka sikio. Sote tukazuia pumzi, hata Suhaib, sijui kwa nini. Mwanzoni uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kuchekwa. Halafu ukabadilika.

— Kuna kitu kinalia, alisema.

— Trei ya pili, alisema Malimi. Ameanza tangu alfajiri. Bado yumo ndani ya yai. Wengine watamjibu kesho.

Nami niliweka sikio. Ni sauti ndogo sana, kama ukucha unakwaruza karatasi, halafu mlio mmoja. Niliposimama nilimkuta Shamsa ananitazama usoni, anasubiri nimwambie kwa uso wangu kama nimesikia. Nikamnyooshea kidole gumba. Alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa kitambaa.

Simu ya katibu ilikuja tukiwa humo humo. Alexander alimsikiliza, akajibu kwamba amepekua kijiwe kizima na chumba kizima, mwenye mashine aliye tayari kusaini hajapatikana, na yeye habebi mzigo usio na mwenyewe. Katibu alipandisha sauti. Alexander akasema kama mgeni anataka kuiona mashine, barabara ya Pasiansi inapitika, hata leo. Kisha akakata. Alikuwa amepoteza kazi ya siku hiyo na alijua. Nilimfungia kashata nne kwenye gazeti, akataka kulipa, nikakataa. Bashiru naye alikataa hela ya kahawa.

Karatasi yake aliiacha mezani. Malimi ameitundika kwenye msumari juu ya mashine, na mstari wa mwenye mzigo bado hauna jina.

Jumamosi Klabu ilimkabidhi mgeni boksi kubwa lililofungwa utepe, badala ya mashine. Wanaosema wameliona wanasema lilikuwa tupu. Mgeni hakufika Pasiansi. Jumapili mchana walitoka vifaranga mia mbili na kumi na mmoja. Katika mayai yangu kumi na mawili nilipata vifaranga tisa.

Jumatatu asubuhi, kabla Bashiru hajawasha makaa, Shimba alivuka njia amebeba ndoo ya pumba, ndani yake mna mayai ishirini na manne.